Mama wa Ilazo anauliza: chanjo ya tetekuwanga ya kulipia, nimchome au niache?

"Shikamoo daktari. Naishi Ilazo, hapa Dodoma. Binti yangu ana miezi 20. Chanjo zake za kliniki amemaliza zote, ya mwisho alichomwa akiwa na miezi 9. Mwezi uliopita, kwenye kituo cha kulelea watoto anakoshinda kule Kisasa, watoto wawili waliugua tetekuwanga. Wiki hii nilimpeleka kliniki binafsi kwa ajili ya kikohozi, daktari akaniambia kuna chanjo za hiari: tetekuwanga, taifodi, homa ya ini A na mafua. Bei ya zote nne inazidi kodi yetu ya nyumba ya mwezi mzima. Baba yake anasema zingekuwa na maana serikali ingezitoa bure kama zile nyingine. Mama mkwe, ambaye anakuja kunisaidia nikijifungua (nina ujauzito wa miezi mitano), anasema tetekuwanga kila mtoto lazima aipitie na mapema ndiyo vizuri. Yeye mwenyewe mwaka juzi aliugua mkanda wa jeshi na hakumwambukiza mtu. Sijui nimsikilize nani."

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni swali la pesa. Mara ya pili nikaona kuna mambo matatu umeyataja kwa kupitia tu, na hayo ndiyo yanayobeba jibu lote: kwamba chanjo ya mwisho ilikuwa ya miezi 9, kwamba una ujauzito, na kwamba bibi yake aliugua mkanda wa jeshi.

Tuanze na kadi. Itoe kwenye ule mfuko wa nailoni ulikoitunza, uifungue ukurasa wa chanjo, utafute mstari wa surua-rubela. Utaona una nafasi mbili. Ya kwanza ni ya miezi 9, ambayo bila shaka ina tarehe. Ya pili ni ya miezi 18, na kwa maelezo yako iko wazi. Kwa hiyo binti yako hajamaliza. Usijilaumu, kosa hili nakutana nalo karibu kila wiki. Baada ya miezi 9 akina mama wengi huona safari za kliniki zimekwisha: mtoto anatembea, mama karudi kazini, foleni ya mzani imemchosha. Lakini dozi ile ya pili si ya kuongezea ladha. Mtoto akichomwa surua akiwa na miezi 9, takribani watoto 15 katika kila 100 miili yao haijengi kinga, kwa sababu bado wana masalia ya kinga ya mama zao yanayoizima chanjo. Huwezi kuwatambua kwa macho. Dozi ya miezi 18 ndiyo inayowaokota hao. Na surua inaambukiza kuliko karibu ugonjwa wowote tunaoujua, inaua watoto, na baadhi ya wanaopona huwaacha na masikio mabovu au macho yaliyoharibika.

Nakwambia hivi mapema kwa sababu nimeona wazazi wanaolipia chanjo ya hiari huku ya lazima, ya bure, ikiwa haijakamilika. Ni kama kununua mapazia ya nyumba isiyo na paa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, kesho kutwa mpeleke kituo chochote cha serikali, Makole au kilicho karibu nawe, akachomwe surua-rubela ya pili. Kuchelewa miezi miwili hakuharibu kitu, hawaanzi upya. Nesi anaweza kukwambia uje siku fulani ya wiki. Usimkasirikie: kichupa cha chanjo ile mara nyingi kina dozi 10, kikishachanganywa hakikai zaidi ya saa 6, kwa hiyo anakusanya watoto. Mwombe akutajie siku, uiandike.

Sasa hoja ya baba yake. Ina mantiki, na siyo yeye peke yake anayeisema. Ila inachukulia kwamba ratiba ya taifa ni orodha ya chanjo zote zenye maana. Sivyo. Ratiba ni orodha ya chanjo ambazo nchi imeamua kuanza nazo, kwa pesa iliyopo, kulingana na magonjwa yanayoua wengi. Hadi mwisho wa 2012, chanjo ya nimonia ile ya PCV na ile ya kuhara ya Rota hazikuwamo kwenye ratiba ya Tanzania. Januari 2013 zikaingia. Virusi vya rota havikuwa vikali zaidi mwaka 2013 kuliko 2012. Kilichobadilika ni upatikanaji na mfuko. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi nayo ilikuja kwa wasichana wa nchi nzima Aprili 2018.

Kwa tetekuwanga yenyewe mfano ni mzuri zaidi. Marekani walianza kuwachanja watoto wote mwaka 1995. Uingereza, nchi yenye madaktari na pesa, ilikaa zaidi ya miaka 30 baada ya hapo bila kuiweka kwenye ratiba yake, ikaianza Januari 2026. Je, watoto wa Kiingereza walikuwa na ngozi tofauti? Hapana. Wataalamu wao walikuwa wanapima mambo mengine. Na kuna jambo moja kwenye mizani hiyo ambalo watu wengi hawalijui: nchi ikiianza chanjo hii halafu ikawafikia nusu tu ya watoto, virusi vinapungua mtaani lakini haviishi. Matokeo yake wale ambao hawakuchanjwa wanakua bila kukutana navyo, wanakutana navyo ukubwani, na ukubwani tetekuwanga ni ugonjwa mwingine kabisa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekuwa likizishauri nchi zisianze mpaka ziwe na uhakika wa kuwafikia angalau asilimia 80. Ushauri huo unahusu nchi. Haukatazi mama wa Ilazo kumchoma binti yake. Unaeleza tu kwa nini serikali kutoitoa hakumaanishi kwamba haina maana.

Kwa upande mwingine, neno "hiari" lisikudanganye ukadhani ni daraja la juu, kama siti ya mbele kwenye basi. Nimekutana na wazazi wanaoona aibu kusema hawana uwezo wa kulipa. Hakuna aibu hapo. Kwa watoto wengi wazima ninaowaona, kukosa chanjo ya tetekuwanga hakutabadilisha chochote maishani mwao zaidi ya wiki moja ya kujikuna na makovu mawili usoni.

Na hapo ndipo mama mkwe wako ana haki yake. Kwa mtoto mwenye afya, tetekuwanga kwa kawaida ni nyepesi. Marekani, kabla ya chanjo, walikuwa wanapata wagonjwa wapatao milioni 4 kila mwaka, na vifo kati ya 100 na 150. Ukigawanya, ni vifo kama vitatu kwa kila wagonjwa 100,000 wa rika zote; kwa watoto wa miaka 1 hadi 14 ni kimoja hivi. Kinachowalaza watoto wodini mara nyingi si virusi vyenyewe, ni kucha: mtoto anajikuna, kidonda kinaingia bakteria, mguu unavimba, homa inapanda upya siku ya nne au ya tano wakati mlidhani amepona. Wachache huvimba ubongo au hupepesuka wakitembea kwa siku kadhaa. (Kama itatokea kabla hujamchoma: mkate kucha, mpe panado kwa kipimo cha uzito wake, usimpe aspirini hata kidogo, na dawa za jamii ya ibuprofeni ziache kando. Maji ya mwarobaini ya kumwogeshea sina ugomvi nayo, mradi yawe ya uvuguvugu na asinyweshwe.)

Lakini "kila mtoto lazima aipitie" haikubaliani na nchi yetu. Huko kwenye baridi, karibu kila mtoto huugua kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kwenye nchi za joto kama hii, virusi hivi huenea polepole zaidi, na watu wengi hufika utu uzima hawajawahi kuugua. Nawaona: askari wa miaka 24, mwanafunzi wa chuo, mama aliyeolewa juzi, wamejaa malengelenge kuanzia kichwani hadi nyayo, wanahema kwa shida. Kwa mtu mzima hatari ya kufa ni zaidi ya mara 20 ya ile ya mtoto. Na tangu Serikali ihamie huku, Dodoma imejaa vituo vya kulelea watoto. Chumba kimoja Kisasa kinakusanya watoto ambao zamani wangekua kila mmoja kijijini kwao, Mpwapwa, Singida, Tukuyu. Mmoja akiingia na tetekuwanga, hakuna wa kuizuia, kwa sababu anaambukiza siku moja au mbili kabla kipele cha kwanza hakijatoka. Na ugonjwa ukishaingia ndani ya nyumba, katika kila watu 10 wasio na kinga, hadi 9 wataupata.

Ndiyo nafika kwenye neno uliloliweka kwenye mabano.

Una ujauzito wa miezi mitano. Je, wewe uliwahi kuugua tetekuwanga? Hukusema, na nadhani hukuona kama inahusika. Inahusika kuliko kitu kingine chochote kwenye barua yako. Kama uliugua utotoni, kinga yako ipo, mtoto aliye tumboni naye ataazima, na suala lote linarudi kuwa la makovu na siku za kukosa kazi. Kama hukuugua, hali inageuka. Mama mjamzito akipata tetekuwanga, hasa miezi ya mwisho, anaweza kupata nimonia kali ya virusi. Akiipata katika nusu ya kwanza ya ujauzito kuna uwezekano mdogo, wa kama asilimia 2 kwa wiki ya 13 hadi 20, wa mtoto kuzaliwa na kasoro za viungo, ngozi au macho. Wewe dirisha hilo unalitoka sasa. Lililo mbele yako ni lile la kujifungua: mama akitokwa na vipele kuanzia siku tano kabla ya kujifungua hadi siku mbili baada yake, mtoto anazaliwa ameshapokea virusi lakini hajapokea kinga, na kichanga wa namna hiyo anaweza kufa.

Na ni nani atakayekuletea virusi hivyo nyumbani? Si wewe, unayekwenda kazini na kurudi. Ni huyu wa miezi 20 anayeshinda Kisasa, analala kifuani kwako, na anakula kwenye kijiko chako.

Kwa hiyo ukiniuliza kama binti yako anahitaji chanjo ya tetekuwanga kwa ajili yake mwenyewe, ningekujibu: ni nzuri, ukiwa na nafasi mchome, usipokuwa nayo lala usingizi. Ukiniuliza kama nyumba yenu inaihitaji mwaka huu, na wewe huna kinga, najibu ndiyo, na nisingeingoja mishahara ya mwezi ujao.

Najua swali litakalofuata: chanjo ni ya virusi hai, je, mtoto aliyechomwa hatamwambukiza mama mjamzito? Swali zuri, na wauguzi wengine husita hapo. Virusi vya chanjo vimedhoofishwa. Duniani, katika mamilioni ya dozi, matukio ya aliyechanjwa kumwambukiza mtu wa nyumbani ni ya kuhesabika kwa vidole, na karibu yote yalikuwa kwa wale waliotokwa na vipele baada ya chanjo. Kuwa na mjamzito nyumbani si sababu ya kutomchanja mtoto. Ni sababu ya kumchanja. Akitokwa na vipele vichache ndani ya mwezi, vifunike kwa nguo na umwachie baba yake kazi ya kumwogesha kwa siku hizo. Wewe mwenyewe usichomwe sasa. Chanjo hai ya tetekuwanga haipewi mjamzito. Yako itangoja hadi baada ya kujifungua.

Kuhusu mkanda wa jeshi: mama mkwe anastahili kujua kwamba ni virusi vilevile. Mtu akipona tetekuwanga utotoni, virusi haviondoki mwilini, vinajificha kwenye mishipa ya fahamu, na miaka 40 au 50 baadaye vinaibuka kwenye mstari mmoja wa mwili, mbavuni au usoni. Aliye na mkanda wa jeshi anaweza kumpa tetekuwanga mtu asiye na kinga, kwa kugusa majimaji ya malengelenge yake. Kwamba mwaka juzi hakumwambukiza mtu, ni bahati au waliomzunguka walikuwa na kinga. Umepita, hana tatizo sasa; aje tu na kitenge chake na supu ya uzazi. Ila mkanda huo ukimrudia akiwa kwenu na kichanga ndani, aufunike na asimbebe mtoto hadi vidonda vikauke magamba.

Chanjo yenyewe ina historia ninayoipenda. Daktari wa Kijapani, Michiaki Takahashi, alikuwa Texas mwaka 1964 mwanawe wa kiume alipougua tetekuwanga vibaya. Alikaa naye usiku akimwangalia anavyohema, akarudi Japani na wazo moja, na mwaka 1974 akawa na chanjo. Hii tunayoitumia leo inatokana na virusi alivyovidhoofisha yeye. Dozi moja inazuia ugonjwa kwa watoto wapatao 80 katika 100, na karibu wote inawakinga na ugonjwa mkali. Dozi mbili zinasukuma kinga hiyo juu ya 90. Ya pili inaweza kutolewa miezi mitatu baada ya ya kwanza, au ikasubiri hadi afike miaka 4. Kama pesa inatosha moja, chukua moja, isikuume.

Madhara? Mkono kuuma, homa ya siku moja mbili, na kwa wachache, 3 au 4 katika kila 100, vipele vichache mwilini ndani ya wiki tatu au nne. Mzio mkali ni nadra sana, lakini kaeni pale kliniki nusu saa kabla ya kupanda bodaboda. Asichomwe mtoto aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa iitwayo neomaisini, anayetumia dawa za kushusha kinga, mwenye saratani ya damu, au aliyeongezewa damu miezi ya karibuni. Mwenye VVU aweza kuipata kama kinga yake iko vizuri, ila hilo aliamue daktari wake.

Jambo la ratiba, maana hapa watu hukosea: surua-rubela ni chanjo hai, tetekuwanga pia. Chanjo hai mbili za sindano zinatolewa ama siku ileile, kila moja mkono wake, ama zinaachana wiki nne kamili. Zikikaribiana bila kuwa siku moja, ya pili inaweza isishike. Kwa hali yako ningefanya hivi: siku nesi atakayokutajia, mwende kituo cha serikali asubuhi mkachome surua-rubela, halafu kadi mkononi mnyooshe moja kwa moja kliniki binafsi kwa tetekuwanga. Binti atalia mara mbili siku moja, na jioni atakuwa anakimbiza kuku.

Na ukifika pale kliniki, usione haya kuuliza mambo ya friji. Mimi niliwahi kualikwa mahali, sipataji, nikafungua friji ya chanjo nikakuta chupa ya soda na kikombe cha mtindi wa mtu. Friji inayofunguliwa kila mtu akisikia kiu haiwezi kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, na Dodoma mwezi wa kumi na moja, umeme ukikatika mchana, chumba kinakuwa tanuri. Omba kuona kipimajoto na daftari wanaloandika joto asubuhi na jioni. Omba kuona kichupa kabla hakijafunguliwa, usome tarehe ya mwisho. Ya tetekuwanga ni unga mkavu unaochanganywa na maji yake maalumu palepale na kuchomwa muda mfupi baadaye. Ukikuta tayari imeshachanganywa inakungoja, shukuru, uondoke. Mwisho hakikisha wameandika jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe kwenye kadi ileile ya kliniki. Risiti hupotea.

Tuje kwenye taifodi, ambayo kwa mji huu naiona ina hoja nzito kuliko watu wanavyodhani, na nyepesi kuliko zahanati zinavyodai. Nikieleza utanielewa. Dodoma ni moja ya mikoa yenye malaria kidogo nchini. Mtoto akipata homa, kipimo cha malaria kikitoka safi, mtu wa maabara anatafuta jina lingine, na jina lililo karibu ni taifodi. Anachukua damu, anafanya kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwaka 1896, anaandika namba zenye mkwaju katikati, 1/80 au 1/160, na mtoto anarudi nyumbani na dawa za siku 14. Kipimo hicho kinaonyesha kwamba mwili umewahi kukutana na kitu kinachofanana na vijidudu vya taifodi, basi. Watu wazima wenye afya mtaani kwako ukiwapima leo, wengi watatoka "na taifodi". Uthibitisho wa kweli ni kuotesha damu maabara kabla ya dawa kuanza, na hata huko tunawakosa wagonjwa wapatao 4 katika 10. Tabia hii ya kuipa homa jina lililozoeleka imewahi kupimwa hapa nchini kwetu: utafiti wa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa kaskazini mwa Tanzania, uliochapishwa 2013, ulikuta madaktari wamewaandikia malaria zaidi ya asilimia 60, na walioumwa malaria kweli hawakufika asilimia 2.

Hivyo ukisikia jirani anasema mwanawe "kaugua taifodi mara nne mwaka huu", pokea habari hiyo kwa tahadhari. Chanjo ya taifodi haitazuia homa ambazo si taifodi, na mzazi aliyelipia atakasirika Widal ikitoka "imepanda" miezi sita baadaye.

Lakini taifodi ya kweli ipo. Mji unakua haraka kuliko mabomba, maji ya mgao yanakaa kwenye simtanki, mengine yananunuliwa kwa maboza na madumu, na watoto wanafyonza barafu za rangi ambazo hakuna anayejua maji yake yalitoka wapi. Na vijidudu vyenyewe vinazidi kuwa sugu kwa dawa. Chanjo ya kizazi kipya, ile iliyounganishwa na protini ya pepopunda, hupewa mtoto kuanzia miezi 6, dozi moja tu. Ilijaribiwa Blantyre, Malawi, kwa watoto wapatao 28,000 wa miezi 9 hadi miaka 12, ikapunguza taifodi iliyothibitishwa kwa kuotesha damu kwa asilimia 80 hivi, na baada ya miaka minne kinga ilikuwa bado haijashuka sana. Malawi wakaiingiza kwenye ratiba yao 2023, Kenya 2025. Ya zamani, isiyounganishwa, haifai kwa aliye chini ya miaka 2 na hufifia mapema. Kwa hiyo swali lako pale kaunta liwe moja: ni ipi mnayo? Wakikuletea ya zamani, usinunue. Wakiwa na mpya, ningeiweka ya pili baada ya tetekuwanga, mkipata nafasi. Maji ya kunywa mtaendelea kuchemsha, chanjo haimzuii mtoto kupata amiba wala kipindupindu.

Homa ya ini A, kwa sasa iache. Watoto wadogo wanaoipata wengi hawaonyeshi hata dalili, na wengi wetu tulishaipitia bila kujua. Mafua nayo yanahitaji dozi mbili kwa mara ya kwanza na kurudiwa kila mwaka. Kwa mtoto mzima mwenye kikohozi cha vumbi la Ilazo sioni kwa nini ulipe.

Ningekuwa na jibu tofauti kwa mtoto mwenye selimundu, pumu kali, ugonjwa wa moyo wa kuzaliwa au aliyetolewa bandama. Kwao mafua, taifodi, uti wa mgongo na chanjo ya ziada ya nimonia baada ya miaka 2 zinaacha kuwa za hiari, na daktari wa kliniki yao, iwe Benjamin Mkapa au hospitali ya mkoa, ndiye apange. Hukutaja lolote la aina hiyo, nachukulia hana. Na kwa kuwa tunazungumzia pesa ya sindano: iko moja ambayo haijadiliwi mezani. Mbwa akimng'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na mkimbie hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama mbwa mnamjua na mwenye mbwa ni rafiki yenu.

Sasa kuhusu wale watoto wawili wa Kisasa. Tetekuwanga huchukua siku 10 hadi 21 tangu kuambukizwa hadi vipele. Kama zimepita wiki tatu tangu binti yako akae nao na yuko salama, raundi hiyo ameipita. Waambie walezi wakupigie simu siku mtoto yeyote atakapotoka kipele kinachofanana na lengelenge. Akichanjwa ndani ya siku tatu, hata tano, tangu akutane na mgonjwa, chanjo inaweza bado kuuwahi ugonjwa. Na kama wewe ndiye utakayejikuta umekaa na mgonjwa kabla hujajua kama una kinga, nenda kliniki ya wajawazito siku hiyohiyo uwaeleze. Usisubiri vipele ndipo uende.

Lakini kabla ya kufungua pochi, mpigie simu mama yako mzazi. Si mama mkwe, mama yako aliyekulea. Muulize kama ulipokuwa mdogo uliwahi kutokwa na vipele vya maji mwili mzima, vikaanza tumboni na mgongoni, vingine vikiwa vibichi na vingine vimekauka kwa wakati mmoja. Mama wa Kitanzania huenda asikumbuke uzito wako wa kuzaliwa, ila atakumbuka wiki uliyolala kwenye jani la mgomba. Akisita, muulize shangazi, na ukiwa kliniki ya wajawazito uulize kama kinga ya tetekuwanga inaweza kupimwa kwenye damu. Ukishapata jibu lake, niandikie, tujue kama binti anarudi Kisasa akiwa na sindano moja au mbili.